Kituo cha Sita

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, nilikuwa natuma maombi matatu ya kazi. Nikituma manne, la nne lilisomeka kama la mtu anayeomba msamaha. Nikituma mawili, nilijiona mvivu siku nzima. Dada yangu akiwa bafuni, bomba likiguna ukutani, mimi hukaa kwenye kiti cha plastiki kati ya jiko na kitanda, kompyuta mapajani, nikipitia matangazo ya watu wanaotaka kutengenezewa programu. Kuna mwenye duka anayetaka kujua bidhaa zipi zimebaki, kuna shule inayotaka orodha ya mahudhurio, na daima kuna mmoja asiyejua anachotaka, ila anakitaka kesho.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimetuma ombi la kwanza tu, kengele ya tovuti ya kazi ikalia. Nikashtuka. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika nikiwafukuzia wateja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuanza kunitafuta yeye.

“Tumeona wasifu wako,” mteja huyo aliandika. “Tuna kazi ndogo inayohitaji mtu makini. Hakuna haja ya kuongea kwa simu. Maandishi yanatosha.”

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili. Wateja wengi hutaka kukuona usoni kwanza, wakusikie, wakupime. Mimi nikipigiwa simu na mtu nisiyemjua ulimi hunata, na kazi mbili nzuri nilizikosa kwa sababu hiyo hiyo. Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyuma baada ya kuogopa umati wa mlango wa mbele.

Maji yakafurika, moto ukazimika kwa mfoko.

“Bi Kimya, unaunguza nyumba ya watu,” dada akasema akitoka bafuni, taulo kichwani.

“Nimepata mteja.”

“Umempata au amekupata?”

“Amenipata.”

“Basi mkague meno kabla hujamkubali,” akasema, akacheka, akafuta jiko kwa kitambaa. Alifuta kwa mkono wa kushoto. Kifundo cha mkono wake wa kulia hakikunjiki vizuri tangu mwaka jana, ingawa ukimuuliza atakwambia aliteleza.

Hakuteleza. Chumba changu kilipakana na chake na mumewe, na nilisikia. Shemeji alikuwa fundi simu, mcheshi wa mtaa mzima, mtu ambaye hata watoto wa jirani walimkimbilia akirudi kazini. Ndani ya nyumba alikuwa mtu mwingine. Miezi minane kabla ya asubuhi hiyo, siku aliyosafiri kufuata vipuri, tulibeba mabegi mawili na kompyuta yangu, tukaja mji huu ambamo hatukuwa na mtu. Tulibadilisha laini za simu. Mama tulimwambia tuko salama, hatukumwambia tuko wapi, maana angeulizwa, na mama hajui kudanganya. Dada, ambaye kazi yake ni kuchonga lenzi za miwani, akapata duka la miwani lililohitaji fundi. Mimi nikaendelea na kazi zangu za mkataba, ambazo hazijali uko wapi.

Juma la kwanza aliniuliza, “Umefuta kila kitu mtandaoni? Kila kitu?”

“Nimefuta,” nikajibu.

Nilikuwa nimefuta picha, kurasa, hata akaunti ya chuo. Sikufuta wasifu wangu wa kutafutia kazi. Ulikuwa na nyota arobaini na saba nilizopewa na wateja kumi, kila nyota nimeitolea jasho, na katika kazi hii mtu asiye na nyota ni kama mtu asiye na uso. Niliondoa jina la mji nikajiambia hiyo inatosha. Ningeweza kumwambia dada ukweli huo siku yoyote. Kila siku nilikuta sababu ya kungoja nyingine.

Mteja alisema wanasambaza maji ya chupa. Walitaka programu ya simu ya dereva, ndogo kabisa: kila baada ya dakika tano simu itume mahali ilipo kwenye seva yao, na meneja aone kwenye ramani lori limefika wapi. Ni kazi ya wiki moja. Alinitumia funguo za seva, na humo mlikuwa na faili la vituo vya majaribio. Faili lilikuwa na mistari sita. Mitano ilikuwa na namba za latitudo na longitudo, na mstari wa sita ulikuwa na neno moja: “Kitajazwa.”

Sikuzitazama namba hizo kwa macho ya kuuliza. Ndivyo tunavyofanya sisi. Data ya majaribio ukiletewa unaangalia kama programu inaikubali, basi. Iwe namba ya kisima au ya kaburi, kwako ni tarakimu zenye nukta katikati. Programu ilizikubali. Nikaweka alama ya tiki.

“Madereva wetu wana simu za zamani,” akaandika siku ya tatu. “Kwa hiyo tunaomba uijaribu kwenye simu ya zamani, inayotembea na mtu kila siku, angalau wiki nzima.”

Hilo halikunipa shida. Kila programu niliyowahi kuandika niliijaribu kwenye simu ya dada. Simu yake ina kioo chenye ufa, ni nzito kuamka, na imejaa picha za miwani ya watu. Nilikuwa na msemo wangu: kikifanya kazi kwa dada kitafanya kazi popote.

“Nipe simu yako kidogo,” nikamwambia asubuhi akifunga viatu.

“Haya, maabara imefunguliwa. Safari hii unaniwekea nini?”

“Ya watu wa maji. Inaonyesha lori liko wapi.”

“Kwa hiyo mimi ndiye lori.”

“Lori dogo.”

“Ningekuwa lori ningekuwa na matairi, nisingekuwa natembea kwa miguu,” akasema, akaniachia simu, akaenda kupaka mafuta mikono. Hakuniuliza zaidi. Ananiamini mambo ya kompyuta kama ninavyomwamini mambo ya macho.

Siku mbili doti moja ya buluu ilitembea kwenye ramani: chumbani, barabara ya vumbi, daraja la watembea kwa miguu, kisha mtaa mrefu wa maduka. Hapo ilikatika kila asubuhi saa mbili na nusu, ikarudi saa kumi na moja jioni. Nilijua kwa nini. Dukani wanaweka simu kwenye droo, na dada huizima kabisa ili betri isimwishie.

Mteja naye aliona.

“Kuna pengo,” aliandika. “Simu inazimwa ikifika kazini. Mwambie anayeishika aiache ikiwaka.”

Nilibaki nimeyatazama maneno hayo, chai ikipoa. Sikuwahi kumwambia kwamba simu anaishika mtu mwingine. Wala sikusema ni kazini. Kitu kama mdudu kikatembea shingoni. Kisha nikajijibu mwenyewe, kwa haraka, kama mtu anayefunga dirisha mvua isiingie: mimi namjibu nikiwa nyumbani, simu iko barabarani, na mtu anayesimama mahali pamoja kutwa nzima yuko kazini. Mtu yeyote mwenye akili angejua. Kwa aibu ya kumshuku mteja wa watu, nikamjibu kwa heshima kuliko kawaida.

Jioni nikamwambia dada asiizime simu, aiache drooni bila mlio.

“Lori halilali siku hizi?”

“Siku mbili tu. Mteja ameomba.”

Alinitazama kidogo. Tangu tuhame ana namna ya kutulia anapowaza, kama paka aliyesikia hatua. “Mteja wako anaitwa nani?”

“Meneja. Ndivyo anavyojiita.”

“Unamjua?”

“Wateja huwa hatuwajui, dada. Ndiyo kazi yenyewe.”

“Kazi yenu ina mambo,” akasema, akachomeka simu kwenye chaji. Nilitaka kumwambia habari ya maneno yale, anayeishika. Nikaona nitamtia hofu bure, naye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kulala bila kuweka kiti nyuma ya mlango. Nikamwuliza kama anataka chai nyingine. Akasema hapana.

Siku ya pili baada ya hapo, saa nne asubuhi, tovuti iliniarifu kwamba mkataba umefungwa. Hatukuwa tumemaliza. Ilibaki sehemu ya ripoti, na skrini ya meneja ilikuwa bado na kasoro mbili nilizoziandika wazi. Lakini mteja alikuwa amelipa yote na kunipa nyota tano. Chini yake, mahali ambapo dunia nzima inasoma, aliacha maoni:

“Msikivu sana. Hana maswali mengi.”

Nilifurahi kwanza. Siwezi kudanganya, nilifurahi. Nyota hamsini na mbili. Kisha nikayarudia maneno yale, na furaha ikaondoka taratibu kama joto linavyotoka kwenye kikombe.

Nina desturi moja ambayo wenzangu wa chuo walikuwa wakinichekea. Hata mkataba ukifungwa, siachi kazi bila kuandika taarifa ya makabidhiano, yenye picha ya kila kitu kinavyofanya kazi. Kwa hiyo nikafungua faili la vituo vya majaribio kwenye seva yao, nipige picha kila kituo kikiwa kwenye ramani. Kwa mara ya kwanza nikaziweka namba zile mahali pake duniani.

Kituo cha kwanza kilidondokea kwenye nyumba ya mama yetu. Niliona paa, niliona hata tangi la maji nyuma ya jiko.

Nilidhani nimekosea tarakimu. Nikaandika upya. Paa lile lile.

Cha pili kilikuwa duka la miwani ambalo dada alijifunzia kazi. Cha tatu duka la miwani alilofanyia kazi mpaka tulipoondoka. Cha nne na cha tano sikuvijua, vilikuwa katika miji miwili tofauti, lakini nilipovikuza ramani iliniandikia yenyewe ni maduka gani. Miwani. Miwani. Kuna mtu alikuwa amezunguka mji hadi mji, duka hadi duka, akimtafuta mwanamke anayechonga lenzi kwa mkono wa kushoto, na kila alipomkosa alipaandika.

Mstari wa sita haukusema tena “Kitajazwa.” Ulikuwa umejazwa asubuhi ile, saa tatu na dakika kumi. Sikuhitaji kuuweka kwenye ramani. Niliuweka hata hivyo, na doti ikatua mtaa mrefu wa maduka, upande wa kushoto, mlango wa nne kutoka kona.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakukuwa na maji ya chupa, wala madereva. Fundi simu hakuwa na haja ya programu yangu, zipo za kununua tele. Alichokuwa hana ni namna ya kuifikisha kwenye simu ya dada. Tulipokuwa tunakaa pamoja alikuwa akiniona nikiichukua simu hiyo kila juma, na alikuwa akitania mezani, “Mke wangu ana mdogo, na mdogo ana panya wa maabara.” Aliijua tabia yangu. Aliniajiri niwe mimi. Hata woga wangu wa simu aliukumbuka, akaufanya chambo.

Funguo za seva zilikuwa bado hazijabatilishwa. Nikafungua ramani ya meneja, ile yenye kasoro mbili. Doti ya buluu ilikuwa imetulia kwenye droo ya dukani. Na kulikuwa na doti ya pili.

Siku zote zile ilikuwa doti moja. Hii ya pili ilijiandikisha asubuhi ile ile. Alikuwa ameiweka programu kwenye simu yake mwenyewe, nadhani ili imwonyeshe njia. Nikaisubiri ipige dakika tano. Ikahama. Nikaisubiri tena. Ilikuwa kwenye barabara kuu, imeshapita njia panda yenye kituo cha mafuta ambapo, siku ile ya mabegi mawili, basi letu lilisimama tukanunua maji. Kutoka pale mpaka hapa tulitumia saa moja kasoro kidogo, na basi letu lilikuwa bovu.

Nikampigia dada. Simu ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, na tena, nikiwaza ile droo, na simu inayotetemeka gizani juu ya vitambaa vya kufutia lenzi. Nikaanza kumwandikia ujumbe, kidole kikiwa juu ya herufi nikakumbuka kwamba ujumbe nao utalala kwenye droo ile ile. Namba ya duka sikuwa nayo, sikuwahi kutaka kuwa na namba ya mahali ambapo ningepaswa kuongea na mtu.

Nilitoka na ndala. Mlango sijui kama niliufunga.

Barabara ya vumbi haijawahi kuwa ndefu vile. Darajani watu walikuwa wanapanda kwa utaratibu wao, mizigo kichwani, nami nikawapita nikisema samahani, samahani, kwa sauti ndogo isiyomwondoa mtu njiani. Mwanamume mmoja aliyefanana na shemeji mabega aligeuka, nikajibanza kwenye ukingo. Hakuwa yeye. Kila gari lililopunguza mwendo mtaani mwa maduka nilimtazama dereva wake.

Duka lilikuwa na watu. Wanne walikaa kwenye benchi wakingoja, mmoja mtoto mwenye kiraka jichoni. Mwenye duka, mama mtu mzima ambaye wote humwita Daktari ingawa mwenyewe husema aliishia chumba cha mapokezi cha hospitali, alikuwa kwenye kaunta akipanga fremu. Dada alikuwa nyuma ya kioo, kwenye mashine yake, koti jeupe, lenzi katika mkono wa kushoto akiinyanyua kwenye mwanga.

“Huyu si mdogo wako anayezungumza na mashine?” Daktari akamwita. “Njoo, mbona amesimama kama amekuja kudai?”

Dada akatoka, akitabasamu. Akaona ndala zangu, vumbi mpaka magotini. Tabasamu likapungua.

“Kuna nini?”

Watu wa benchi walinitazama wote kwa pamoja. Nilikuwa nimekimbia njia nzima na maneno nikiwa nimeyapanga, mafupi, matatu au manne. Yakaniishia pale mlangoni. Ulimi ukanata.

“Umekula?” nikasema.

Kwenye benchi mtu akacheka.

“Umekimbia kuja kuniuliza kama nimekula?” dada akasema. “Saa nne na nusu hii?”

“Nilikupigia.”

“Simu iko drooni. Si wewe uliyesema iwake na isitoe sauti?”

“Ndiyo.”

“Sasa?”

Nikatazama nje. Gari jeupe lilikuwa linaegesha ng’ambo, akashuka mwanamke na mifuko. Saa ya ukutani, iliyozungukwa na picha za macho, ilikuwa imesogea dakika nne tangu niingie, nami nilikuwa nimetumia dakika hizo nne kuuliza habari ya chakula. Niliwaza kumwambia tutoke nje kwanza. Niliwaza kumwambia kuna tatizo dogo la programu. Nilikuwa bado natafuta namna ambayo isingemtisha, na ambayo isingenionyesha mimi, nikaona kwamba muda huo wote nilikuwa najilinda mimi, si yeye.

Dada alishusha lenzi kwenye kaunta, polepole. “Ni mama?” akauliza, kwa sauti ya chini.

“Si mama.”

“Sema basi. Unanitia hofu.”

“Dada.” Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoitegemea, hata mtoto mwenye kiraka akageuza kichwa. “Shemeji yuko njiani, na hapa anapajua. Yule mteja wangu ni yeye. Mimi ndiye niliyemwonyesha, kwa simu yako, kwa mkono wangu. Vua koti tuondoke sasa hivi.”